Siku Babu Alipoiziba Bunduki

Harufu ya mafuta ya bunduki haifanani na nyengine yoyote. Juzi, nikipita soko la Matrah, huku Omani, ilinijia mlangoni mwa duka linalouzia watalii shungi na ubani, nikasimama, miguu haitaki kwenda wala kubaki. Zamani lilikuwa duka la Ami Khalfani, muuza bunduki.

Babu akitwambia kuwa enzi za ujana wake dalali akizunguka sokoni na bunduki begani, akiinadi, na wanaume wakimsimamisha wakachungulia mtutu juani, wakaunusa kama wanaochagua tikiti. Mimi hayo sikuyawahi. Nilikuta vibali vimetundikwa ukutani, na bunduki kuukuu zilizochomelewa chuma mdomoni, za kupambia sebule.

Yetu ilikuwa bado nzima, ina kibali, imefungiwa kabatini. Harusini Babu akiipiga juu, nami n'shaota: yangu ikifika, ataipiga mpaka mbuzi wa mbali kule Qurayyat wakimbie! Lakini mdogo wangu Nasri alikuwa anaanza kupanda kila kitu. Babu akikaa, akiinuka, akenda kutikisa kufuli ya kabati, akarudi, chai imepoa, akainuka tena.

Asubuhi moja akanichukua mpaka dukani, bunduki imefungwa shukani.

"Izibe," akamwambia Ami Khalfani.

"Salumu, una wazimu? Bunduki ya marehemu baba yako! Ikishachomelewa hairudi tena."

"Nna akili zangu. Izibe."

"Na harusini utapiga nini, vigelegele?"

"Nkipiga mimi, bibi harusi atakimbia."

Wakacheka. Mimi nikakikumbatia kitako cha bunduki, nikalia. "Babu, na harusi yangu je?"

Akanifuta uso kwa ncha ya kilemba. "Tutapiga ngoma, mama. Wachia."

Nikawachia. Cheche zikaruka, basi, ikawa bubu.

Nyumbani akaitundika chini kabisa, Nasri aifikie. Nasri akaikokota uani kutwa nzima, na Babu akajinyoosha mkekani, mdomo wazi, akakoroma. Nilimnunia siku nyingi. Nikadhani uzee umemshinda.

Sasa nna mwanangu anayetambaa. Siwezi kumaliza mstari mmoja hapa bila kuinuka kumtazama: jiko, ngazi, waya wa umeme. Ndipo nikamwelewa Babu. Kabla ya mchana ule, sikupata kumuona amelala.