Mlinzi Asiyekuwemo Daftarini

Mdogo wangu ni mlinzi wa usiku, mimi ni fundi cherehani. Nikipandisha sauti humu mnivumilie, maana jambo hili limenikaa kooni wiki mbili sasa.

Mtaani wanamwita Kimya. Ana miaka arobaini na minne na hajapiga kura hata siku moja. Si kwamba hataki. Kila zoezi la kuandikisha wapiga kura likija, yeye ama yuko lindoni, ama amelala kama gogo baada ya lindo. Safari hii aliapa. Diwani wetu alipita kwa kura tisa tu, na zahanati aliyoahidi mpaka leo ni msingi ulioota majani. Mke wa Kimya alijifungulia njiani mwaka jana, tukimkimbiza hospitali ya mbali. Mtoto hakuishi. Kimya aliniambia tu kwamba kura ya mwaka huu anaitaka.

Sasa sikilizeni vituko. Anafanya kazi kwenye shule iliyo ng'ambo ya barabara kuu, ambayo ni kata nyingine. Mashine za kuandikisha, za kituo chao na za kituo chetu, zote zinafungiwa usiku kwenye stoo ya shule hiyo. Jioni makarani wanamkabidhi, anazikagua moja moja, anasaini. Alfajiri anawarudishia, kisha anakuja kwetu kupanga foleni, macho mekundu kama pilipili.

Siku ya kwanza alisinzia kwenye benchi, namba yake ikaitwa, ikapita. Wakamwambia aanze tena mkiani. Kabla hajafika, mashine ikazima, na fundi wake hakuonekana mpaka jua linazama.

Siku ya pili alifika mbele ya karani. Dada wa watu akamsomea fomu: usiku unalala wapi? Kimya akajibu kwamba usiku halali, yuko kazini shuleni. Karani akarudia swali, akapata jibu lilelile. Basi akaandika shule, akamwambia akajiandikishe hukohuko.

Niliposikia, nusura nimrushie mkasi. Nikamuuliza ilimshinda nini kusema analala nyumbani kama binadamu wengine. Akaniangalia kana kwamba nimemtukana.

"Dada, mlinzi hawezi kwenda kuandikisha serikalini kwamba usiku analala nyumbani," akasema. "Mwenzangu alifukuzwa kwa neno dogo kuliko hilo."

Nilikasirika, lakini baadaye hasira zangu zikahamia kwa aliyetunga hilo swali. Hivi hakumjua hata muuguzi mmoja wa zamu ya usiku? Hajala mkate akajiuliza nani aliamka kuuoka? Wangeuliza nyumbani kwako ni wapi, yakaisha.

Huko shuleni, karani ambaye kila asubuhi anapokea mashine mikononi mwa Kimya alimwambia shule si makazi, arudi kwetu. Kwetu wakasema ameshaandikwa wa shuleni, kwa hiyo alete barua ya mwenyekiti wa mtaa. Ofisi ya mwenyekiti inafunguliwa saa nne, saa ambayo Kimya hawezi hata kusimama kwa usingizi. Alikwenda hivyo hivyo, siku tatu, akikuta kufuli. Nikaenda mimi, nikakaa mlangoni na kazi yangu ya mkono mpaka mtu akaja. Barua tuliipata siku ya mwisho ya zoezi, saa tisa alasiri.

Nilifunga kibanda, gauni la bibi harusi nikaliacha bila pindo, tukakimbia. Mbele yetu kulikuwa na watu kama arobaini. Ilipofika saa kumi kamili karani akazima mashine, tumebaki watu sita tu mbele ya meza yake. Nilibwata, sioni aibu kusema. Nikamwambia aongeze nusu saa, watu wenyewe hawa hapa, barua hii hapa. Akajibu kwa upole kwamba muda unapangwa makao makuu, yeye hana mamlaka. Upole wake ndio ulionichoma zaidi.

Gari la kubebea mashine likaja. Karani akamwomba Kimya awahi, kwa sababu zinalala shuleni usiku mmoja tu, kesho zinapelekwa makao makuu.

Nilimshika mkono mdogo wangu.

"Usiende," nikamwambia. "Waache wakalinde wenyewe leo."

Alikuwa ameishika ile barua bado. Akaikunja, akanipa nimtunzie.

"Majina ya mtaa mzima yamo mle, dada. Na lako limo."

Akavaa koti lake la kazi, akapanda nyuma ya gari, akakaa katikati ya mashine akizishikilia zisigongane.