Karatasi ya Akello Iliyochanwa Vipande Vitatu

Siku yangu ya kwanza kazini pale chuoni, Msimamizi wa Maabara alinikabidhi koti jeupe na brashi ya kusugulia mirija. "Hajati, wewe osha vyombo," alisema. "Mambo ya kufikiri kuna walimu." Hata Maka nilikuwa sijafika, aliniita hivyo kwa ajili ya mtandio wangu. Nikaosha, huku nikijifunza. Nilihamishwa kutoka kemia kwenda biolojia, kisha jiolojia, yaani elimu ya miamba, na kote nikakuta walimu wanaopishana kwenye ngazi bila salamu.

Kwa hiyo chuo kilipoanzisha Somo la Maji, somo moja la sayansi zote tatu kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza, nilifurahi kweli. Wakati huo nilikuwa fundi wa maabara, nikawapeleka vijana Namuwongo, mtaa wa mabanda, kwenye chemchemi iliyo karibu na reli. Walipima naitreti, chumvi inayovuja kutoka vyooni, wakatazama vijidudu kwa darubini, wakachora mteremko unaopitisha maji. Akello, binti aliyekulia kambi ya polisi, alitaka kurudi kila wiki.

Sasa sikilizeni upuuzi huu. Mtihani ulipokwisha, kila idara ilidai kusahihisha sehemu yake. Wakachukua vijitabu vya majibu, wakang'oa pini, wakagawana kurasa. Watu wazima, wenye shahada za uzamivu! Hakuna hata mmoja aliyeona ajabu.

Akello alikuwa amejibu kama alivyofundishwa, hoja moja inayotembea ukurasa hadi ukurasa. Mwalimu wa kemia aliandika kwa wino mwekundu, "Haijakamilika." Wa jiolojia akaandika, "Haina mwanzo." Wa biolojia akauliza, "Umeyatoa wapi haya?" Akafeli, jina lake likafutwa kwenye orodha ya mahafali.

Alinifuata maabara akilia. "Hajati, mimi nilikosea wapi? Ile maji yenyewe haijui idara!"

Nilipandwa na hasira ambayo mpaka leo haijashuka. Nilizunguka ofisi tatu, nikazidai zile kurasa, nikazishona kwa sindano na uzi mweusi, nikampelekea Mkuu wa Kitivo.

"Hajati, hii si kazi yako."

"Soma, ssebo, bwana wangu. Mimi nasimama hapa hapa."

Alisoma. Alipofika mwisho alivua miwani. "Mbona huyu msichana wamemfelisha?"

"Kwa sababu wewe ndiye wa kwanza kumsoma."

Akello alivaa joho. Nikadhani wamejifunza. Muhula uliofuata ulitoka waraka, wenye sahihi ya Mkuu yule yule: kila mwanafunzi wa Somo la Maji apewe vijitabu vitatu tofauti, ili kuepusha usumbufu.

Sasa nimestaafu, nipo nyumbani Nateete. Waliniaga kwa keki na hotuba ndefu juu ya ushirikiano wa idara, nami nikaila keki yao kwa uchungu. Kijitabu cha Akello ninacho mimi, maana hawakujua wakihifadhi katika idara gani. Nyinyi mnaofundisha leo, njooni msome sentensi yake ya mwisho: maji haya yasinywewe, na watu wa pale waambiwe leo hii.

Juzi nilipita Namuwongo. Foleni ya majerikani ilikuwa palepale.