Jibu la Namba Kumi na Saba

Maabara nzima ya hospitali ilimwita Wembe, kwani hakuna aliyekata nyama ya mwili nyembamba kama yeye. Vioo vya hadubini vilimfikia na namba tu, bila majina. Ndiyo maana juzi aliandika kuhusu namba kumi na saba bila mkono kutetemeka: seli za uzazi zimekwama katikati, hakuna mbegu zilizokomaa. Leo daktari alimwita kando. Kumi na saba alikuwa mumewe, aliyepimwa kimyakimya, naye ameomba jibu alisikie kwa mkewe tu.

Mumewe alikuwa fundi cherehani. Baada ya miaka sita bila mtoto, alishasema kwamba ikithibitika tatizo ni lake, ataondoka ili mkewe apate kuolewa na mwingine. Hakuwa mtu wa maneno mengi; akisema, amesema.

Jioni Wembe alimkuta akishona suruali ya mteja. Akaketi karibu naye, akamweleza taratibu. Katika seli, maagizo ya kurithi hunakiliwa kwenye uzi mwembamba uitwao RNA. Nakala hutoka ndefu mno. Vipande visivyohitajika hukatwa, vinavyobaki vikaungwa, ndipo seli ijue hatua inayofuata. Kwake yeye, vipimo vya vinasaba vilionyesha kwamba ukataji huo katika seli za uzazi ulikuwa na kasoro tangu azaliwe. Seli zilianza safari vizuri, zikafika katikati, zikakosa maagizo yanayosomeka.

Fundi alisimamisha cherehani.

“Kwa hiyo kitambaa kilikuwepo?”

“Kilikuwepo, kizuri. Mkasi ndio mbovu. Na si wewe uliyeuharibu.”

Akauliza kama kuna dawa. Wembe hakumdanganya, alisema bado.

Fundi akatazama begi lake la safari lililokuwa chini ya meza. “Basi nilikuahidi.”

“Zipu yake imekufa,” mkewe alisema. “Uliahidi kuitengeneza pia, tangu mwaka juzi. Anza na hiyo. Mimi sijakuomba nafasi ya mtu mwingine.”

Fundi alicheka kidogo, machozi yakimlengalenga. Akamsogezea mkasi amkatie uzi uliobaki kwenye suruali, maana yeye alikuwa haoni vizuri. Wembe akakata. Mkono ule ambao maabara nzima iliuamini ukatetemeka, ukachukua uzi pamoja na kipande cha kitambaa cha pajani.

Wote wawili wakakodolea macho tundu.

“Sasa siwezi kuondoka,” fundi alisema, akilisukuma begi kwa mguu hadi ukutani. “Nani atamweleza mwenye suruali?”