Jua Lililochomoza Nyandarua

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, jua lilipochomoza Nyandarua. Sisemi kwa mafumbo. Lilichomoza mbele ya watu waliojaa ukumbi wa kanisa, kwenye shuka jeupe lililotundikwa ukutani, na aliyelichomozesha huko ni mimi. Wewe uliyezaliwa kwenye matuta haya unajua kuwa jua letu hutoka upande wa mlima Kirinyaga na kuzama nyuma ya safu ya Nyandarua. Hata mtoto anayechunga mbuzi hawezi kulikosea hilo. Mimi nililikosea, nikiwa na miaka thelathini na moja. Mpaka leo nikilikumbuka, mwili hunisisimka.

Acha nikueleze kwa utaratibu. Mimi ni mtu wa utaratibu, ingawa siku hizo utaratibu wangu ulikuwa na shimo katikati.

Kuchora majengo kwa kompyuta sikufundishwa na mtu. Nilijifunza mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa, katika chumba nilichopanga juu ya duka la vyuma mjini Nyeri. Unachora nyumba, unaipa kuta, mabati na madirisha, unaweka jua na kamera, kisha unaiamuru mashine itengeneze filamu. Filamu ni picha nyingi zinazofuatana, na kwa kila picha mashine hupiga hesabu ya mwanga na vivuli vyote. Kazi hiyo ndiyo tunayoiita kurenda. Kwa mashine yangu, picha moja ilichukua dakika mbili. Filamu ya dakika moja ilihitaji picha elfu moja mia nne na arobaini. Ukipiga hesabu utapata siku mbili kamili.

Aliyenipa kazi alikuwa Mama Wangari, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wa kijijini kwetu. Walitaka kujenga chumba cha kujifungulia kando ya zahanati. Mkaza mwana wake alikuwa amejifungulia nyuma ya pikapu ya majani chai, mvua ikinyesha, wakiwa njiani kuelekea hospitalini mjini. Mtoto hakuishi. Tangu siku hiyo Mama Wangari hakuwa na wimbo mwingine ila chumba. Wenyeji wetu waliohamia miji ya Kutus, Wang'uru na Nanyuki waliahidi kuja Jumamosi kuchangia pesa, lakini walitoa sharti moja.

"Kijana yangu," Mama Wangari aliniambia, "hawa watu wa Kutus hawaamini maneno. Wanataka kuona. Wewe fanya waone."

Alhamisi saa mbili asubuhi nikabonyeza kitufe. Ningemaliza Jumamosi saa mbili, na mkutano ulikuwa saa nne. Nikabandika karatasi mlangoni: INARENDA, USIGUSE. Nikashuka ngazi mpaka hoteli ya Hassan, mtu wa mtaa wa Majengo, ambaye ulimi wake ulikuwa moto kuliko chai yake.

"Fundi, leo hakuna kazi?"

"Kazi iko. Mashine inafanya."

"Na wewe je?"

"Mimi nasubiri."

"Aa! Basi mandazi tuipelekee mashine, wewe bado hujachoka."

Hoteli nzima ikacheka, nami nikacheka nao, kwa sababu sikuona aibu. Niliamini kusubiri ni haki ya fundi. Siku mbili hizo nilicheza drafti, nilikunywa chai, nilieleza yeyote aliyekubali kusikiliza jinsi kazi yangu ilivyo ngumu. Mara kwa mara nilipanda juu kuutazama ule mstari wa kijani unaoonyesha kazi imefika wapi. Nilitazama mstari tu, mwanangu. Picha zenyewe zilikuwa zikijipanga ndani ya folda, moja baada ya nyingine, na sikufungua hata moja. Nilitaka niione filamu ikiwa nzima, pamoja na watu, nishangae nao.

Nilishangaa nao kweli.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Filamu ilipoanza, watu walipiga makofi kuliona tangi lao la maji, ule mti wa mgrevilea wa pembeni na njia wanayopita kila siku. Jengo lilisimama hapo likiwa na mabati ya buluu. Maandishi yakasema: Asubuhi. Kisha kamera ikageuka polepole, na jua likajitokeza, jekundu, zuri, juu ya mgongo wa Nyandarua.

Makofi yakakatika kama kamba.

"Haiya!" Shosho mmoja, bibi kikongwe wa mstari wa mbele, alisema. "Hiyo jua inatoka wapi?"

"Ni asubuhi, Shosho," nikajibu, kwa maana bado sikuwa nimeona.

"Asubuhi ya wapi? Huko si ni Nyandarua?"

Hapo ndipo nilipoona. Nilihisi kama mtu aliyetoka nyumbani kwake akakuta mto unapanda mlima.

"Labda huku kwenu mmeletewa jua ingine," akasema bwana mmoja mnene aliyetoka Kutus, na kicheko kikazunguka ukumbi. Lakini hakuishia hapo. Alisimama. "Mimi naona hii picha imetolewa mahali. Hii si shamba ya hapa. Tumetoka mbali kuja kuonyeshwa nyumba ya watu wengine."

"Huyu kijana ni wetu," Mama Wangari akasema. "Nilimwona akipima."

"Alipima macho ikiwa imefungwa?"

Hawakucheka tena. Mzee Gathogo, ambaye sote tulimwita Guka, yaani babu, aliinuka kwa bakora yake. "Wazee wetu waliomba wakiangalia Kirinyaga," alisema taratibu. "Sasa ninyi mnataka watoto wazaliwe mahali siku inaanzia kwa kaburi yake?"

Wahenga walisema nyota njema huonekana asubuhi. Asubuhi ya chumba kile ilikuwa imeonekana, na kila mtu aliisoma kwa namna yake. Mama Wangari alikunjakunja pindo la leso yake bila kuniangalia. Mwishowe yule bwana wa Kutus alisema watarudi Jumamosi inayofuata, mara moja tu. Wakikuta mchezo kama huo, wasiitwe tena.

Nilirudi mjini, nikapanda chumbani kwangu, nikafungua folda. Kosa lenyewe lilikuwa dogo. Nilipokuwa nikichora, niliugeuza uwanja ili ukae sawa kwenye kioo cha kompyuta, na sikuugeuza pamoja nao mshale wa kaskazini, ambao mashine huufuata kuweka jua. Hilo halikunitisha sana. Kilichonitisha ni picha ya kwanza. Ilikuwa imekamilika Alhamisi, saa mbili na dakika mbili asubuhi. Kivuli cha tangi kilikuwa kimelala kuelekea Kirinyaga, jambo lisilowezekana asubuhi. Kosa lote lilikuwa humo, wazi kama kovu usoni, likinisubiri siku mbili wakati mimi nikisubiri kwa Hassan. Nilikaa chini sakafuni, nikiwa na viatu vyangu vya mkutano.

Guka Gathogo alinikuta hapo. Alikuwa amenifuata mjini na kupanda ngazi zote zile kwa bakora.

"Hiyo mashine ikifanya kazi, wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nasubiri, Guka."

"Unasubiri namna gani?"

Nikamweleza. Sikuficha drafti. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akakaa kitandani.

"Mimi nilisubiri kahawa miaka mingi pale kiwandani," alisema. "Kahawa ikitolewa maganda inalala kwa tangi, ndiyo utelezi itoke. Huwezi kuiharakisha, hata upige kelele. Lakini ukienda kulala, inachacha, na ni jasho ya watu wote wa hili tuta umeharibu. Kwa hivyo unatia mkono. Unatoa punje kidogo, unasugua. Ikiteleza, bado. Ikikwaruza kama changarawe, fungulia maji. Na kabla utie mkono tena, iko mfereji ya kuosha, iko wavu ya meza ya kuanikia imetoboka, ushone. Mtu wa tangi hakai, kijana. Wewe ulikaa."

Aliomba maji ya kunywa, akashuka.

Jumapili niliugeuza mshale, nikarenda picha moja tu, ndogo, ya saa tatu asubuhi, nikaichapisha. Jumatatu saa tatu asubuhi nilisimama uwanjani na Guka, nikachomeka kijiti, tukakilinganisha kivuli chake na kile cha tangi kwenye karatasi. Vilielekea upande mmoja. Jumanne saa mbili nikabonyeza kitufe, nikangoja dakika mbili, nikafungua picha ya kwanza. Nikafungua ya kumi. Nikafungua ya mia. Kisha nikachukua daftari na kuandika kila jambo la kazi ile ambalo halikuhitaji mashine.

La kwanza lilikuwa kuchora chumba ardhini kwa ukubwa wake halisi. Jumatano asubuhi na mapema tulivuta kamba na kumwaga chokaa, mimi na Mama Wangari na wenzake wawili. Chumba kikaonekana kwenye nyasi: ukuta, ujia, mlango. Akina mama wakatembea ndani yake wakitaniana kuhusu nani atajifungua kwanza.

"Wewe na hiyo magoti yako!" mmoja alimwambia mwenzake. "Labda ujifungue viazi."

Sijui ni nini kilichonifanya niombe kitanda. Nadhani ni kwa sababu nilikuwa nimeamua kutokaa. Walikitoa zahanati, kitanda cha magurudumu, wakakisukuma kwenye ujia, wakafika mlangoni, wakakata kona.

Kitanda kikagonga kamba.

Wakakirudisha nyuma, wakajaribu kwa kukiinamisha. Kikagonga tena. Katika filamu yangu kamera ilikuwa imepita mlango ule kwa ulaini kama maji, maana kamera haina mabega. Mimi nilikuwa nimeutazama mlango ule mara mia na sikuwahi kumpitisha mgonjwa.

Mama Wangari alisimama upande wa nje wa kamba, mkono mdomoni. Najua alichokuwa akikiona. Alikuwa akiona mvua na pikapu.

"Tungejenga," alisema kwa sauti ndogo. "Tungejenga hivi."

Mwanangu, jua la Nyandarua lilinishtua mwili. Neno hilo lilinishtua roho. Fikiria, kama jua lingechomoza mahali pake Jumamosi ile, wangepiga makofi, na ukuta ungepanda na mlango ule ule. Usipoziba ufa utajenga ukuta, ndivyo tulivyofundishwa, lakini ufa wangu mimi ulikuwa ndani ya ukuta ambao haujajengwa bado, na karibu niupake rangi.

Nilikimbilia mjini nikaisimamisha mashine ikiwa nusu ya safari. Nilipanua mlango, nikaikata ile kona, na saa nne nikaanza upya. Filamu ilikamilika Ijumaa saa nne. Hassan aliniona nikipita mbio na kamba begani, akapaza sauti, "Leo mashine imekushinda kukaa?" Nilimpungia mkono nikiendelea mbio.

Jumamosi jua lilitoka upande wa Kirinyaga. "Sasa hiyo ni jua," Shosho akasema, na watu wakapumua. Yule bwana wa Kutus aliuliza kwa nini mlango umekuwa mpana hivyo. Mama Wangari akamsimulia habari ya kitanda, bila kunitetea wala kunishtaki. Bwana yule akasema, "Jengeni."

Chumba kikajengwa. Mtoto wa pili wa mkaza mwana wa Mama Wangari alizaliwa humo, usiku wa mvua kama ule wa kwanza. Sikuwepo, bila shaka. Nilichoambiwa ni kwamba kitanda kilikata kona bila kugusa ukuta.

Basi sikiliza, wewe unayebonyeza vitufe leo, hata kama mashine yako ina kasi kuliko ile yangu. Subira huvuta heri, lakini heri haivutwi na aliyekaa. Mashine inapofanya kazi yake, kazi yako haijaisha. Imehama tu mahali. Tia mkono tangini mapema, utoe punje chache uzisugue, maana kosa la siku mbili huonekana ndani ya dakika mbili kwa mwenye kutazama. Kisha ondoka kwenye kioo. Nenda ardhini, pale kitu chako kitakaposimama, umwite atakayekitumia, upitishe kitanda. Na usingoje kushangaa pamoja na watu. Shangaa kwanza peke yako, ungali na muda wa kurekebisha.

Mungu wa Kirinyaga akupe macho ya kuona picha ya kwanza. Akujalie mzee wa kupanda ngazi zako siku utakapokuwa umekaa sakafuni. Na kila mlango utakaouchora, uwe mpana wa kutosha kwa yule anayeletwa amelala.