Kufuta Jina Kwenye Sufuria

Nimechoka. Naanza na hilo kwa sababu watu wakiniona nimeinama kibandani mwangu, kando ya bucha hapa Embu mjini, hudhani nasali. Kusali nasali, kwa saa zake, nikimaliza narudi kuinama. Mgongo umeshika, macho yamefifia, na kiganja cha kulia kina sugu pale mpini unapokaa. Kazi yangu ni kuchora majina kwenye chuma kwa mkono. Si kazi ya kujivunia, lakini imenilea na mimi nimewalea wanangu nayo.

Ng'ambo ya barabara wamefungua duka lenye mashine inayochora kwa kompyuta. Vikombe vya mashindano, vibao vya milango, vishikio vya funguo, vyote vimehamia huko. Haya, na vihame. Ila sufuria nene ya kupikia githeri ya kijiji kizima, mashine ile haina pa kuikalisha. Basi sufuria zimenibakia mimi, na sufuria za huku hazina mwisho.

Hazina mwisho kwa sababu huku hakuna mazishi wala ruracio, sherehe ya kupeleka mahari, bila sufuria za kuazimana. Posa ikija, kila mwanamke wa chama cha akina mama analeta yake. Watu wakishashiba mukimo na nyama, sufuria huoshwa na kurundikwa kwenye nyasi, halafu mama mmoja mwenye sauti huinua moja moja na kusoma jina lililochorwa ubavuni, mwenyewe anaitika na kuichukua. Ukileta isiyo na jina, shauri yako, utarudi nyumbani na ya mwenzio inayovuja. Nimeona akina mama wa kanisa moja wakinuniana mwaka mzima kwa ajili ya sufuria.

Na jina lenyewe si la mwanamke mwenyewe. Akishazaa, jina alilopewa na wazazi wake hubaki kwenye kitambulisho. Kwenye sufuria huandikwa Mama, kisha jina la mtoto wa kwanza. Ndivyo anavyoitwa sokoni, ndivyo anavyoitwa na mumewe, na ndivyo nilivyochora miaka yote bila kuuliza.

Kalamu zangu nimejitengenezea kutokana na tupa zilizoisha meno. Unaipasha moto, unaifua nyembamba, unaitia mpini mfupi wa mti mgumu ulio na kichwa cha mviringo cha kukaa kiganjani. Ncha unainoa juu ya jiwe lenye mafuta, halafu unaijaribu kwenye ukucha wa dole gumba: ikinata bila kuteleza, iko tayari. Sufuria unailaza juu ya mfuko wa mchanga ili isibingirike. Unachora herufi kwanza kwa sindano, kidogo tu, ndipo unaisukuma kalamu ukiitikisa kulia na kushoto, na dole gumba la mkono wa pili likiwa ndiyo breki. Ukisukuma kwa hasira itaponyoka, na mkwaruzo wake utaonekana mpaka kiama. Mimi nina hasira, muulize mtu yeyote wa soko hili, lakini nikishika kalamu hujizuia.

Asubuhi moja ya mwezi wa saba, ule wa manyunyu na baridi, alikuja mama mmoja kutoka kijiji cha Karurumo akiwa amebeba sufuria kubwa mgongoni kwa leso. Nilimjua yeye na nikaijua sufuria. Jina lililokuwa pale nililichora mimi, siku mumewe alipokuja akicheka peke yake barabarani kwa sababu amepata mtoto. Nilijua pia kwamba yule mtoto amefariki. Muuza nyama jirani yangu ni wa huko, ndiye aliyenieleza: homa ya mapafu, akiwa darasa la tano, na hawakuwa na mwingine.

Alinieleza shida yake bila kuzunguka. Tangu mazishi, wenzake wa chama walikuwa wameacha kuisoma sufuria yake. Msomaji akiifikia, ananyamaza, anaiweka kando taratibu, anashika nyingine. Wote wakishaondoka na zao, yeye ndiye anayebaki kwenda kuiokota mwenyewe. Alijua wanamhurumia. Lakini kile kimya, alisema, kinamuua kuliko hata jina. Kwa hiyo nifute maneno yote, nimchoree jina lake la kitambulisho, wapate kitu cha kuita.

Nilimnung'unikia. Nilimwambia chuma hakifutwi, kinachofanyika ni kuparura pembeni pote mpaka pashuke pawe sawa na mchoro, na sufuria itabaki na bonde. Nilimshauri anunue nyingine. Ukweli ni kwamba nilikuwa naikimbia kazi ile. Nimeparura majina ya walioachika, nimeparura ya waliouza vyombo vyao, lakini jina la mtoto aliyekufa sikuwa nimewahi. Akavuta kigoda cha wateja, akaketi, akasema atangoja.

Basi nikachukua tupa ya pembe tatu niliyoinoa makali, nikaanzia herufi ya mwisho. Vumbi jeupe la chuma likawa linadondoka kwenye aproni yangu. Yeye hakuangalia pembeni hata mara moja. Roho iliniuma, na sijui njia nyingine ya kulisema. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, mimi nilikuwa fundi tu pale, na bado mkono ulikuwa mzito. Nilitaka kumwambia pole, mama, maana wanawake wote nawaita hivyo, lakini lile neno la pili sikulitoa. Nikasema pole, nikaishia hapo.

Nilipomaliza jina la mtoto nikapapiga msasa mpaka pakang'aa patupu. Kisha nikasogeza tupa kwenye lile neno lililobaki, Mama. Akaweka kiganja chake juu yake.

"Hapo usiguse, fundi."

Nikauliza kama basi nichore jina lake mbele ya hilo neno. Akatikisa kichwa. Niache hivyo hivyo, alisema, amebadilisha nia.

Hapo uchovu ulinipanda, na hasira nayo ikaja nyuma yake. Nilimwambia huo ni upuzi. Sufuria zote za chama chao zinaanza na neno hilo hilo, sasa yake itatofautianaje na nyingine? Itapotea kwenye karamu ya kwanza, halafu atarudi hapa kunilaumu. Yeye alikuwa ameshaanza kutandaza leso juu ya kigoda, anaikunja kwa utaratibu, ananiacha nimalize kelele zangu.

"Watajua ni yangu," alisema. "Wenzangu wote wana wa kuandika hapo mbele."

Nilimsaidia kuipandisha mgongoni. Kulikuwa na sufuria nyingine za watu zinaningoja, lakini kalamu sikuishika tena siku hiyo.