Lumbesa ya Shukrani

Mdogo wangu wa kunifuata alihamia Uyole kwa nauli niliyomtumia mimi. Nalisema hilo mapema ili msomaji ajue kwamba wivu wangu ulikuwa na haki zake. Nilimtoa Iringa, nikamtafutia shamba la kukodi, nikamfundisha kupanda viazi. Misimu haikupita mingi, viazi vyake vikawa vikubwa kama vichwa vya ndama. Vyangu vilibaki vya kumtosha panya mwenye adabu.

Hayo ningeyavumilia. Kilichonichoma ni utoaji wake. Kila akivuna, kabla gari la mnunuzi halijapiga honi, anatenga fungu la kumi na kulipeleka kanisani kimyakimya. Na mimi nilitoa! Nina cheti cha masomo ya jioni, asilimia kumi naipiga hata nikiwa usingizini, na bahasha yangu ilikuwa nyeupe ya kuonekana hadi Tunduma. Lakini waumini wakimtaja mtu mwenye mkono wazi, wanamtaja yeye.

Mwaka huo mama alikuja kutoka kwake Mlandege, Iringa, kwa sikukuu ya mavuno, akae nasi mpaka baridi ipite. Akae kwa nani? Nilikuwa nimeshapaka chumba rangi. Alipofika Jumamosi akalala kwangu, ila akasema, "Tusali kwanza kesho, ndiyo nitasema nakaa wapi."

Basi nikaamua mama aone kwa macho yake mtoaji ni nani.

Wanunuzi wa viazi hutulazimisha lumbesa: gunia likishajaa linaongezewa kilemba cha viazi juu ya mdomo, linafungwa kamba, linafanana na mjamzito wa mapacha. Kila mkulima anailaani lumbesa. Mimi nikampelekea Mungu lumbesa kwa hiari yangu, ndefu kuliko mnara wa simu.

Mke wangu akaliangalia lile gunia, akaniangalia na mimi. "Baba, unatoa sadaka au unagombea udiwani?"

Baada ya ibada ukafanyika mnada nje ya kanisa, kama kawaida. Vitu vilivyotolewa vinauzwa, fedha inabaki kanisani, na mnunuzi akipenda anamzawadia mwenzake alichonunua. Ndoo za viazi alizoleta mdogo wangu ziligombewa kama mpira wa kona. Ikafika zamu ya gunia langu. Hakuna aliyetaja bei.

"Wapendwa, hili ni gunia au trela?" aliuliza mzee wa kanisa aliyekuwa ananadi. "Mwenye trekta ajitokeze!"

Mama mmoja wa kwaya akadakia, "Aliyelileta alirudishe, si ndiye mwenye mabega!"

Watu wakaangua kicheko. Mama yangu, aliyekaa mbele kabisa, akacheka hadi akajifuta machozi kwa kanga.

Ndipo mdogo wangu akanyoosha mkono. Akataja bei nzuri, bei ya mtu aliyeamua kutorudi nyumbani na chochote mfukoni. Hakuna aliyeongeza.

"Limekuwa lako. Unabaki nalo au unampa mtu?"

"Nampa kaka," akasema. "Yeye ndiye aliyenileta huku."

Makofi! Nilitamani ardhi inimeze mimi na gunia langu, ingawa nadhani tungeikwama kooni.

Wakati tunatoka, mama akatangaza, "Nakaa kwa mkubwa. Ndiyo desturi."

Nimeshinda! Ningeweza kucheza hadi Mafinga bila kupumzika. Lakini njia yetu inapita kwa mdogo wangu, na mkewe alikuwa na wiki chache tangu ajifungue. Kichanga kilikuwa kinalia ndani. Mama akasimama, mkono ukashika mlango wa ua.

"Analia kama marehemu baba yenu," akasema. Kisha akajitanda kanga vizuri, akaendelea na safari. Hakuomba kubaki.

Laiti angeomba, ningemkatalia.

Jioni nikamkuta kwenye kile chumba nilichokipaka rangi. Begi hajalifungua. Kageuza kiti, anatazama dirishani kule kwa mdogo wangu. Nilisimama mlangoni nikiwa na wivu wa kuweza kuivisha maharage bila kuni. Fungu la kumi nimelitoa miaka yote bila kutoka jasho. Mama hagawanyiki kwa kumi.

Nikabeba begi. "Mama, twende."

"Wapi tena?"

"Kwa mwanao. Mtoto anamtaka bibi yake."

Akainuka kitini. "Na wewe je, mwanangu?"

"Mimi nina viazi, mama. Gunia zima."

Akacheka, akanipiga kofi la mgongo kama zamani, akatangulia mbele yangu mbio, kwa magoti yale yale aliyokuwa akilalamika kuwa yamekwisha.

Asubuhi nikajaza ndoo kutoka kwenye gunia lile, nikawapelekea. Nilimkuta mama yuko jikoni, mtoto mgongoni, akiimba wimbo aliokuwa akiniimbia mimi. Mimi!

"Kaa ule, kaka," akasema mdogo wangu, akinivutia kiti.

Nikakaa. Wivu nao ukakaa, ila siku hiyo niliupa kigoda kifupi.