Neno Nililompa Afisa

Wakati wa vita shule yetu ya Alunguli ilifungwa, nikabaki mwalimu wa Kiingereza asiye na darasa. Kiingereza chenyewe nilikipata vitabuni. Sikuwahi kuzungumza na mtu aliyekulia ndani yake. Hata hivyo, wageni walipofika Kindu kuandika yaliyowapata raia, walitafuta mkalimani wakaambiwa yuko mama mmoja ng'ambo ya mto. Nilijivuna. Nalisema hilo kwanza kwa sababu majivuno yale ndiyo yaliyoharibu kila kitu.

Kila asubuhi nilivuka Lualaba kwa mtumbwi, nikakaa mezani kati ya afisa wao na watu waliokuja kueleza. Neno lililonisaidia kuliko yote lilikuwa "take". Darasani nilikuwa nalifundisha kwa furaha. Kwa neno hilo moja Mwingereza anachukua kikapu, anakunywa dawa, anapiga picha, anapanda treni, anaoa mke na anateka mji. Msichana mmoja aliyekaa mstari wa mbele alicheka siku moja, akasema watu hao ni maskini wa maneno. Nilimsahihisha. Nilimwambia huo ni utajiri.

Msichana huyo alikuwa binti wa jirani yangu, mama aliyeuza sombe, majani ya mihogo, sokoni. Asubuhi moja walikuwa wakirudi kutoka shambani, njia ya Kailo, wakakutana na watu wenye silaha. Mama alirudi peke yake.

Siku ya tatu alikuja mezani kwetu. Hakulia. Alimtazama afisa, si mimi, akasema: "Walimupokonya mu mikono yangu. Nilishika kikwembe yenye alikuwa amejifunga, ikapasuka. Kipande kikabaki na miye."

Kupokonya nakujua tangu utotoni. Nililitafuta neno lake kwa Kiingereza, sikulipata. Afisa alikuwa ameinua kalamu, ananingoja. Ningeweza kuonyesha kwa mikono, ningeweza kuinuka na kuvuta mkoba wake mpaka aelewe. Badala yake nikasema: walimchukua. Took.

Afisa akauliza, kwa neno lile lile, kama binti naye alichukua kitu.

"Alibeba kitu?" nikamuuliza mama.

"Kitunga ya mihogo. Walimubebesha."

Kubebeshwa nako kukapotea. Nikasema ndiyo, alichukua kikapu. Afisa akaandika. Alikuwa mtu mpole, alimletea mama chai, na upole wake unanikera hadi leo. Niliisoma karatasi ikiwa juu chini mbele yangu: binti aliondoka na askari, akiwa na vitu vyake. Niliielewa sentensi ile vizuri kabisa. Nikanyamaza, kwa sababu kumsahihisha kungekuwa kukiri kwamba kosa lilianzia kwangu. Nikatia saini mahali pa mkalimani, na mama yule akanishukuru.

Hakuna aliyemtafuta binti. Nani amtafute mtu aliyeondoka kwa hiari na kikapu chake?

Alirudi mwenyewe mwaka wa nne, kwa miguu, akiwa na mtoto wa kike mgongoni. Mama yake aliishi naye miaka michache, kisha akafa. Yeye akajifunza kushona, akaweka cherehani barazani. Tulisalimiana kila siku. Nilimpelekea vitambaa vyangu. Sikuwahi kumwambia kitu.

Mwaka jana walikuja watu wengine, Wakongo wenzetu sasa, kuandikisha wote walioumizwa na vita. Binti alikuja mlangoni kwangu.

"Mwalimu, unisindikize. Wanasema dosye, ile karatasi ya zamani, iko mu Kiingereza."

Tulivuka pamoja. Kijana wa ofisini alifungua kompyuta yake, akatafuta, akaiona. Alikuwa na tafsiri ya Kifaransa pembeni, akasoma kwa sauti ya kuchoka.

"Mama, hapa imeandikwa uliondoka na askari na vitu vyako, ni kusema kwa mapenzi yako. Orodha hii njo ya wale walitekwa."

"Nani alisema vile?"

"Mama yako. Na jina ya mukalimani iko chini."

Kijana alilisoma jina langu. Binti akanigeukia. "Weye njo ulisema vile?"

"Nilisema walikuchukua," nikajibu. "Yeye akaandika uliondoka. Nikaona, nikanyamaza."

Kijana akatabasamu ili kututuliza. Alisema ni kosa dogo la lugha, kuchukua ni kuchukua, na kwamba karatasi ya zamani haigeuzwi.

Damu ilinipanda. Nilimwambia kwamba kuchukua si kuchukua. Fundi anachukua vipimo, bwana harusi anachukua mke, mwizi anachukua mbuzi, na mtu akishikwa mkono na wenye bunduki akatengwa na mama yake, hilo lina jina lake, nami nililimeza. Nilisema hilo kwa sauti, watu wa nje wakachungulia. Nilisema sitoki kwenye kiti kile. Hasira yangu ilikuwa imepoteza njia: ilimwangukia kijana aliyekuwa bado mtoto siku zile, ikamwangukia afisa aliyekwisha kwenda kwao zamani, na muda wote mwenye kuistahili alikuwa amekaa juu ya kiti changu.

Mkubwa wake alitoka chumba cha pili. Baada ya kubishana akakubali maelezo mapya yabandikwe juu ya yale ya zamani, na mimi niandike kosa langu kwa mkono na kutia saini. Nikachukua kalamu nianze.

"Ngoja," binti akasema. "Za kwangu nitasema miye. Weye uandike za kwako tu."

Akaanza. Alisema kikwembe kilikuwa cha kijani. Alisema walimgonga mama yake kwa kitako cha bunduki, jambo ambalo mama hakutuambia mezani. Alisema alibebeshwa risasi siku tisa, mihogo ilikwisha kuliwa siku ya kwanza. Kijana aliandika, na sasa hakutabasamu.

Kwenye mtumbwi wa kurudi aliuliza swali moja tu. "Ulikuwa unaogopa nini?"

"Kwamba wataona sijui Kiingereza."

Aligeuza uso upande wa maji. Tulipofika Alunguli alipanda ukingo bila kunipa mkono.

Jina lake limebandikwa kwenye orodha. Nimeambiwa na muuza samaki, si yeye. Cherehani yake ingali barazani, nami vitambaa vyangu navipeleka kwa fundi mwingine, mbali kidogo. Hajanikataza kuja. Ni mimi ninayeshindwa kukaa mbele yake na kunyoosha mikono anipime.